Kufuli Tatu za Sanduku la Akina Mama

Mkeka ni kitu ambacho wengi wetu hukikalia pasina kuuliza umetoka mikononi mwa nani. Tunaswali juu yake, tunamkaribisha mgeni juu yake, na msiba ukitufika twautandika uani. Lakini kabla haujafika kwetu, ukindu ulikatwa, ukaanikwa juani, ukachemshwa katika maji ya rangi, ukachanwa na kusukwa ukawa ukili mrefu. Kisha ukili huo ukashonwa, mshono baada ya mshono. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na mara nyingi hufanywa jioni, kwani mchana mama yuko shambani, mtoni na jikoni.

Je, mwenye jasho hili hupata nini? Tumfikirie mama anayesafiri peke yake kutoka Matombo au Mkuyuni hadi Morogoro mjini, mkeka mmoja kichwani, na nyumbani ameacha mtoto mgonjwa. Mama huyu hana uwezo wa kuikataa bei mbaya. Mchuuzi anajua kwamba hana hata nauli ya kurudia. Basi umaskini wake si wa uvivu wala wa kukosa ujuzi. Ni umaskini wa kusimama sokoni peke yake.

Dawa ya upweke huo si ngeni katika milima ya Uluguru. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hurithiwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo mwanamke huko si mgeni katika mali. Aidha, mwaka 1993 wakulima waliuanzisha mtandao wa MVIWATA, wenye makao yake makuu Morogoro, wakisaidiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Masoko ya Nyandira na Tawa ni miongoni mwa matunda ya juhudi hizo: wakulima kuuza mahali pamoja, badala ya kila mmoja kumngoja mchuuzi mlangoni pake. Kilichofaa kwa mboga hakishindwi kufaa kwa mkeka.

Ama kuhusu fedha, akina mama wanayo njia ya vikoba. Utaratibu huu ulianzia nchini Niger mwaka 1991, ukisimamiwa na shirika la CARE, kisha ukaingia Zanzibar na Tanzania Bara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu wasiozidi thelathini au karibu na hapo, wanaojuana kwa sura na tabia, hununua hisa katika kila kikao. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na kutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali. Kando ya hisa upo mfuko wa jamii kwa ajili ya maradhi, uzazi na misiba.

Hapa ndipo penye siri. Mama mwenye mtoto mgonjwa akiweza kuutegemea mfuko huo, halazimiki kuutupa mkeka wake kwa bei ya hasara. Atasubiri mnunuzi wa haki. Kwa hakika, sanduku ndilo linaloupa mkeka bei yake. Asiye na sanduku huangukia mikononi mwa wakopeshaji wa "kausha damu", ambao humtoza marejesho kila siku na akishindwa humbebea godoro na sufuria.

Wapo wanaouliza: je, ongezeko linalotozwa juu ya mkopo wa kikundi si riba? Swali hili ni la haki. Rai yetu ni kwamba wanachama wakubaliane kukopeshana karadha njema bila ongezeko, na faida yao waitafute katika kununua ukindu kwa pamoja, kuuza kwa pamoja na kugawana kwa mapatano. Vilevile wakisajili kikundi chao wanaweza kuomba mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa wanawake. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024.

Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), alikuwa akifanya kazi ya ngozi kwa mikono yake na kutoa sadaka kutokana na pato lake. Basi mume asiione kazi ya mkewe kuwa ni aibu, wala asilifanye pato lake kuwa lake yeye. Mali ya mke ni ya mke.

Nasi wanunuzi tunalo fungu letu. Jamvi la plastiki ni rahisi, na kila linaponunuliwa msukaji mmoja hupungukiwa. Msikiti au madrasa ikiagiza mikeka mapema kwa kikundi na kutanguliza sehemu ya malipo, imefanya lililo kubwa kuliko kutoa sadaka ya siku moja, kwani imempa mama nguvu ya kusema: bei hii siitaki.

Wabillahi tawfiq.