Ile "chokoleti" ndani ya bia nyeusi inatoka wapi?

Ndugu na dada wa asosiyasyo, leo miye sitazungumza mihogo wala mbegu za mpunga. Nitazungumza bia. Msicheke kwanza.

Mwenzetu mmoja wa promosyo alirudi kutoka Ubelgiji na chupa moja ndogo ya stauti imperiali. Siye watano, vilauri vitano, chupa moja. Niliponusa tu, nikasema kwa sauti ya mtaalamu: "Hapa waliweka kakao." Mwenye chupa akageuza karatasi ya nyuma, akasoma: maji, kimea cha shayiri, hopu, hamira. Kakao hakuna! Miye, mtu wa kilimo mwenye lisansi, nikanyamaza. Nilienda kutafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Ile ladha inatoka motoni. Shayiri inaloweshwa, inachipuka, inakaushwa: ndiyo kimea. Sehemu yake inakaangwa tena, kupita digrii 200. Sukari na protini za nafaka zinashikana, zinaleta rangi nyeusi na harufu mpya. Ni kazi ile ile inayofanyika mama akikaanga kahawa, ao mbegu za kakao zikikaangwa kiwandani. Kwa hiyo pua yangu haikukosea kabisa: ilitambua moto, ikakosea mmea.

Mwaka 1817, Mwingereza Daniel Wheeler alipata hati ya pipa la kuzungusha nafaka motoni, iive nyeusi bila kuwa majivu. Lakini bia yenyewe ni ya zamani zaidi. Katika karne ya 18, watengenezaji wa London walipeleka bia nyeusi kali mpaka Urusi, kwa watu wa ikulu ya kifalme. Jina "imperiali" linatoka kule.

Kwetu wengi wanasema: bia nyeusi ndiyo kali. Hapana. Rangi inaonyesha moto, haionyeshi nguvu. Guinness ya pipa ni nyeusi kabisa, na iko na asilimia 4.2 tu. Turbo King na Doppel tunazozijua ni nyeusi pia, lakini si stauti imperiali. Hii inafika 8 mpaka 12, sababu nafaka ni nyingi ndani ya maji kidogo. Piga hesabu: sentilita 33 za asilimia 10 ni sawa na sentilita 66 za asilimia 5. Ile chupa ndogo ni chupa kubwa iliyojificha. Tuligawana watano, na ilitosha.

Sasa, namna ya kuionja:

1. Itoe kwenye frigo, ngoja kama dakika 20. Baridi kali inafunga harufu.

2. Tazama. Nyeusi, povu la rangi ya kahawa ya maziwa.

3. Nusa mara mbili, fupi fupi. Tafuta chokoleti chungu, kahawa, matunda makavu. Ukipata harufu ya katoni iliyolowa, hewa iliingia, imechoka. Ukipata siki, imeharibika.

4. Onja kidogo, izungushe mdomoni. Iwe nzito, laini. Utamu uje mbele, uchungu uufuate, na hakuna anayemshinda mwenzake.

5. Meza, subiri. Nzuri inabaki muda mrefu na ladha ya chokoleti. Ikibaki majivu, walichoma sana. Ikiunguza koo kama lutuku, pombe imeshinda nafaka.

Halafu andika mbele ya kusikia wenzako wanasema nini. Miye nilisema kwanza, na wote wanne wakaanza kunusa kakao!

Asiyekunywa, kwa dini ao kwa afya, achukue kikombe cha kahawa. Mpango ni ule ule, na labda ndipo faida yetu iko. Fakilte ilitufundisha kupima hektari na kilo. Kuonja, hapana. Lakini kahawa inauzwa pia kwa kikombe: wanaonja, wanatoa alama juu ya 100, na inayofika 80 inaingia daraja la juu. Mkulima wa Kasongo ao Wamaza asiyejua ladha ya robusta yake atapokea bei ya yule anayeijua.

Weye uko na pua. Ianzishe kazi kesho asubuhi, na kahawa ya nyumbani, mbele ya kutia sukari.