Fahamu: Vita huisha rasmi lini?

Kusitisha mapigano hunyamazisha bunduki tu, ilhali kwa kawaida mkataba wa amani ndio unaofuta hali ya vita kisheria.

Habari iliyochelewa

Mbulumbulu, wilayani Karatu nchini Tanzania, ilikuwa ndani ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambalo kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya mapigano ya Vita vya Kwanza vya Dunia kusitishwa Ulaya, habari zikiwa zimechelewa kumfikia.

Saini haitoshi

Mkataba wa amani wa Versailles, uliomaliza vita hivyo na Ujerumani, ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919, lakini ulianza kutumika tarehe 10 Januari 1920, baada ya kuridhiwa, yaani kuthibitishwa, na Ujerumani pamoja na matatu kati ya madola makuu yaliyoishinda. Kwa kifungu cha 119 Ujerumani iliachia makoloni yake yote.