Vakansi kubwa: kuvuka Kasumbalesa na watoto bila kugusa feza ya masomo



Masomo yameanza juzi, na tayari ninawaletea habari ya vakansi kubwa. Msishangae. Safari ya mwezi wa saba inaandaliwa mwezi wa kumi. Mama anayengoja watoto wapate bultini ndipo aanze kutafuta feza, ataishia kukopa, na deni la vakansi hulipwa kwa feza ya kaye na viatu vya mwezi wa tisa. Jambo hilo tusilifanye.

Wengi kati yetu huuliza: mama anayeuza unga au anayeshona anaweza kweli kuwapeleka watoto wadogo katika nchi nyingine? Anaweza, akichagua nchi iliyo karibu, akisafiri na wenzake, na akianza na karatasi kabla ya feza. Kwa sisi wa Lubumbashi nchi hiyo ni Zambia. Mpaka wa Kasumbalesa uko kama kilometa 90 kutoka hapa. Saa za kule ni zilezile za kwetu, kwa hiyo mtoto hachanganyikiwi kulala. Na mtu anayesikia Kibemba au Kilamba atajikuta kama nyumbani.

Wengine watasema: kwa nini tusiende mpaka maporomoko ya Victoria, ambayo watu wa kule wanayaita Mosi-oa-Tunya? Ni mahali pa ajabu, maji yanaanguka zaidi ya metre 100. Lakini kutoka Ndola mpaka Livingstone ni zaidi ya kilometa 750, kwenda tu. Kwa mtoto wa miaka sita hizo ni siku mbili za kulala katika bisi na kutapika. Tuanze na mkoa wa Copperbelt, ambao ni jirani yetu. Siku tano zinatosha.

Kwanza karatasi

Kila mtoto, hata anayebebwa mgongoni, anahitaji pasiporo yake. Na pasiporo haipatikani bila cheti cha kuzaliwa. Hapa ndipo familia nyingi hukwama: mtoto ana miaka minane, anajua kusoma, lakini katika kitabu cha serikali hajaandikwa popote. Mama, hata kama safari haitafanyika mwaka huu, cheti hicho kitabaki. Kitamsaidia katika mitihani ya serikali, katika mirathi, na siku akipotea. Ikiwa utasoma makala haya na kufanya jambo moja tu, basi nenda kwa bourgmestre wako ukaulize juu ya cheti cha mtoto.

Karatasi nyingine ni hizi:

– Karte ya njano inayoonyesha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ifanyike angalau siku 10 kabla ya kuvuka, kwa sababu kabla ya hapo karte haihesabiwi.

– Ruhusa ya mzazi iliyoandikwa na kuthibitishwa na ofisi, ikiwa mtoto anasafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, au na nyanya. Bila karatasi hiyo mlinzi wa mpaka ana haki ya kuuliza kama mtoto ameibwa. Tusimkasirikie, anawalinda watoto wetu.

– Visa. Ulizeni wenyewe katika konsula ya Zambia hapa Lubumbashi, muandike jibu na bei. Msimwulize mtu wa kando ya njia.

Feza: mgawo sita

Likelemba yetu inaweza kufanya kazi hii vizuri. Tuseme wamama sita wanakubaliana. Kila mmoja anaweka dola 5 kwa juma, tangu mwezi wa kumi mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Tukiondoa majuma ya Noeli na Pasaka, ambapo hakuna anayeweka, yanabaki kama majuma 36. Mama mmoja atakuwa na dola 180, na kundi zima dola 1.080. Asiyeweza dola 5 aweke 2. Mwisho atakuwa na dola 72, naye atamchukua mtoto mmoja badala ya watatu. Feza hii isizungushwe kama likelemba ya kawaida, bali iwekwe mpaka siku ya safari, na wamama wawili waandike katika kaye mbili tofauti.

Siku ya kufungua sanduku, gawanyeni mafungu sita: karatasi, bisi, kulala, chakula, malipo ya kuingia mahali pa kutembelea, na akiba ya ugonjwa. Fungu la akiba msiliguse mpaka mrudi nyumbani. Ikiwa mafungu matano hayatoshi, punguzeni siku, msipunguze akiba.

Na kuna fungu la saba ambalo haliingii katika sanduku kabisa: feza ya masomo ya mwezi wa tisa. Hiyo iwekwe mahali pengine kabla ya kununua hata tikiti moja. Asiyekuwa nayo mwaka huu, asisafiri mwaka huu. Ataendelea kuweka, na nafasi yake itamngoja.

Kundi linapunguza gharama kwa njia nyingi. Wamama sita na watoto wao wanajaza gari dogo la kukodi, na bei inagawanyika. Wanapika pamoja: unga, chumvi na mafuta vinanunuliwa kule kwa kwacha, na mbabula moja inalisha wote. Bukari kule inaitwa nshima, sombe inaitwa katapa, ndakala zinaitwa kapenta. Mtoto anajifunza majina mapya huku tumbo likijua chakula chake. Kwa kulala, ulizeni parokia au kanisa lenu kama lina ndugu Kitwe au Ndola. Nyumba za wageni za makanisa mara nyingi ni safi na za bei ya chini.

Siku tano na mafunzo yake

Siku ya kwanza ni Kasumbalesa. Kabla ya safari, fanyeni hivi nyumbani: kunjeni karto iwe kama bati la nyumba, mwageni maji kidogo juu yake. Maji mengine yanashuka kushoto, mengine kulia. Kisha waambieni watoto: mpaka wetu na Zambia upande huu unafuata mgongo wa namna hiyo. Mvua inayonyesha upande wetu inakwenda Lualaba, inakuwa mto Kongo na kuingia katika bahari ya Atlantiki. Mvua inayonyesha upande wa pili inaingia mto Kafue, kisha Zambezi, na kumalizikia katika bahari ya Hindi. Mtoto aliyeona karto nyumbani, akisimama Kasumbalesa atakuwa amesoma jiografia kwa miguu.

Papo hapo kuna somo lingine, la usalama. Kwetu magari yanapita kuume; Zambia yanapita kushoto. Mtoto aliyezoea kutazama kushoto kwanza, kule anaweza kugongwa. Mfundisheni kutazama kuume kwanza, kisha kushoto, kisha kuume tena, na asivuke bila mkono wa mkubwa. Kasumbalesa imejaa makamiyo marefu ya shaba, na dereva aliye juu hamwoni mtoto aliye chini. Fikeni asubuhi. Kila mama ahesabu watoto wake kabla ya duane na baada ya duane. Pasiporo ikipigwa muhuri, angalieni kama ya kila mtoto imepigwa pia. Na msibebe mzigo wa mtu yeyote, hata akilia mbele yenu.

Lala Chingola. Siku ya pili nendeni Chimfunshi, upande wa magharibi, kando ya mto Kafue. Ni makao ya sokwe mtu walioanza kupokelewa mwaka 1983 na David na Sheila Siddle, wenye shamba la ng'ombe. Leo ni zaidi ya 100, wanaishi katika vipande vikubwa vya pori vilivyozungushiwa uzio. Zambia haina sokwe mtu wake wa asili; wengi wa kwanza waliokolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara. Waulizeni watoto: kama hawakutoka hapa, walitoka wapi? Jibu linaturudia sisi, wenye misitu yao. Pigeni simu kabla ya kwenda, kwa maana hakuna bisi inayofika mlangoni.

Siku ya tatu mnapita Kitwe kwenda Ndola. Mjini Ndola kuna mti wa zamani sana, mupapa, unaolindwa na serikali. Chini ya kivuli chake walikutana wafanyabiashara Waswahili waliotoka pwani ya mashariki, wakinunua na kuuza watumwa. Ni historia nzito, lakini mtoto wa miaka minane anaweza kuisikia ikisemwa kwa upole. Lugha tunayosema nyumbani ilifika Katanga kwa sehemu kupitia njia hizo za biashara. Ni vema watoto wajue kwamba lugha nzuri inaweza kupita katika njia mbaya.

Siku ya nne, asubuhi, nendeni Copperbelt Museum, palepale Ndola, kutazama madini na vitu vya mababu. Watoto wetu wanaona shaba ikipita juu ya makamiyo kila siku. Hapa wataliona jiwe lenyewe kwa karibu. Mchana, kwa watoto wakubwa kidogo, kuna mnara wa kumbukumbu wa Dag Hammarskjöld, nje ya mji. Huyu Msweden alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 mwezi wa tisa 1961, ndege yake ilianguka pale, akifa pamoja na wenzake 15. Alikuwa anakwenda kukutana na Moïse Tshombe ili vita ya Katanga isimame. Yaani alikufa akitafuta amani ya mji wetu huu, wakati ulipoitwa Élisabethville. Bibi na babu wengi bado wanakumbuka miaka ile. Waombeni wawasimulie watoto kabla ya safari.

Siku ya tano ni kurudi. Ondokeni mapema, ili giza lisiwakute mpakani.

Kaye ya safari

Kila mtoto abebe kaye moja na kreyo. Kila jioni aandike mambo matatu: neno jipya, kitu alichoona, na hesabu moja ya feza. Aliye mdogo achore. Neno linaweza kuwa mwaiseni, yaani karibu, au natotela, yaani asante. Hesabu iwe ya kweli: mkate unauzwa kwacha ngapi, nimetoa ngapi, narudishiwa ngapi? Mimi kama mwalimu nawaambia, mtoto aliyehesabu chenji ya mkate sokoni hasahau kutoa na kujumlisha mwezi wa tisa.

Mambo madogo ya kukumbuka: mwezi wa saba usiku kuna baridi kali, bebeni masweta na blanketi. Bebeni chandarua na dawa za kawaida za mtoto. Andikeni namba ya simu ya mama katika mfuko wa nguo ya kila mtoto. Na angalieni kalenda: Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba na Jumanne inayoifuata ni sikukuu Zambia, vilevile Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane. Siku hizo ofisi zinafungwa.

Kwa makundi yanayotaka kuanza, kazi ya juma hili ni moja. Hesabuni watoto wenu, halafu hesabuni vyeti vya kuzaliwa. Ikiwa namba mbili hizo hazilingani, hapo ndipo safari yenu inaanzia. Leteni hesabu hiyo katika mkutano, na wale waliokwisha kupata vyeti wawasindikize wenzao ofisini. Kwenda wawili ni rahisi kuliko kwenda peke yako.