Pampu ikileta kasoro, pima kabla ya kununua kidhibiti

Nyumba nyingi za mtaa wa Karen, Nairobi, hutegemea visima vilivyochimbwa kwa mashine. Pampu iliyomo kisimani huongozwa na kidhibiti cha kielektroniki, ambacho hupokea ishara kutoka kwa kihisi kilichomo tangini, kisha hutoa amri ya kuiwasha au kuizima.

Katika mitambo mingi, kihisi hutuma mkondo wa miliampea 4 tangi likiwa tupu, na 20 likijaa. Sufuri basi si dalili ya tangi tupu, bali ya waya uliokatika au kihisi kilichokosa umeme. Kidhibiti kisichopangwa kutofautisha hali hizo huweza kuendesha pampu bila kikomo, hata ikaungua maji ya kisima yakipungua.

Fundi mwangalifu huzima umeme, akaondoa waya wa kihisi, kisha akakipa kidhibiti miliampea 12 kutoka kwa kifaa cha kupimia. Kikionyesha nusu ya tangi, sehemu yake ya kupokea ni nzima. Kasoro imo katika waya au kihisi.

Taa ya amri ikiwaka ilhali pampu imenyamaza, uchunguzi huelekezwa kwenye rilei, fyuzi, nyaya na hatimaye mota. Anayebadilisha kidhibiti bila kupima huenda akalipia kipya na kasoro ikabaki palepale.