Msomi Mgeni na Swali la Utafiti: Mafunzo kutoka Ås na Morogoro

Chuo kikuu cha kilimo cha nje kinapotangaza nafasi kwa wasomi wageni, watu wengi huona mambo mawili tu: tiketi ya ndege na posho. Hata baadhi ya makada na wanafunzi wetu huzungumza juu ya skolashipu kana kwamba ni bahati nasibu. Aliyepata kapata, aliyekosa kakosa. Sisi tunaliona jambo hili kwa namna nyingine. Nafasi ya msomi mgeni ni mkataba. Ndani yake kuna fedha, kuna kazi, na kuna matunda ya kazi hiyo. Na penye kazi na matunda yake hatuna budi kuuliza: nani anaamua kazi gani ifanywe, na matunda ni ya nani?

Tuchukue mfano mmoja ulio wazi, maana nadharia isiyo na mfano huwa maneno matupu. Mfano wetu ni chuo cha Ås, mji mdogo ulio kiasi cha kilometa 30 kusini ya Oslo, nchini Norway. Kilianzishwa mwaka 1859 kikiwa shule ya juu ya kilimo. Mwaka 1897 kikapandishwa hadhi kuwa chuo cha elimu ya juu. Mwaka 2005 kikawa chuo kikuu. Na mwaka 2014 kikaunganishwa na chuo cha utabibu wa mifugo cha Oslo, na sasa kinajulikana kwa kifupi cha NMBU. Tumekichagua kwa sababu kina uhusiano wa miaka mingi na Morogoro, na kwa sababu historia yake yenyewe inafundisha.

Mwaka 1859 Norway haikuwa nchi tajiri. Haikuwa hata na uhuru kamili. Ilikuwa katika muungano na Sweden chini ya mfalme mmoja, na muungano huo haukuvunjika mpaka mwaka 1905. Ardhi inayolimwa ni kama asilimia 3 tu ya nchi nzima. Iliyobaki ni milima, misitu, maji na theluji. Katika karne moja kuanzia mwaka 1825, watu zaidi ya 800,000 waliihama nchi hiyo kwenda Amerika ya Kaskazini, wengi wao wakiwa watoto wa wakulima wadogo waliokosa ardhi. Ni katika hali hiyo ndipo shule ya Ås ilipojengwa. Mafuta ya petroli, ambayo leo hutajwa kuwa ndiyo siri ya Norway, yaligunduliwa kwa wingi katika Bahari ya Kaskazini mwaka 1969. Kwa hiyo shule ya kilimo iliyatangulia mafuta kwa miaka 110. Anayesema kwamba tutajenga utafiti wetu tutakapokuwa matajiri anaisoma historia kinyumenyume.

Sasa tueleze nafasi zenyewe, kwa sababu neno "ufadhili" hufunika mambo yasiyofanana. Kuna mwanafunzi wa uzamivu aliyeajiriwa. Katika vyuo vikuu vya Norway mtu huyu si mwombaji wa msaada bali ni mfanyakazi: analipwa mshahara, anakatwa kodi, ana haki za mfanyakazi. Kwa kawaida anapewa miaka 3 ya utafiti, au miaka 4 ambamo robo ya muda wake ni ya kufundisha na kazi nyingine za idara. Kuna pia mhadhiri au profesa mgeni anayekwenda kwa wiki au miezi michache kufundisha somo, kutumia maabara au kumaliza maandishi. Kuna profesa wa sehemu, ambaye Wanorway humwita "profesa wa pili". Huyu hubaki na kazi yake kamili mahali pengine, na huajiriwa na chuo kwa kiasi cha moja ya tano ya muda wa kazi. Halafu kuna msomi wa mpango wa zamu, ambaye ndiye tunayemfahamu zaidi: anakwenda Ås kusoma masomo ya msingi na kuandaa pendekezo la utafiti, anarudi nyumbani kukusanya takwimu shambani, kisha anakwenda tena kuchambua na kuandika tasnifu.

Watu hao wote huitwa wageni, lakini haki zao ni tofauti kabisa. Wa kwanza ana mkataba wa kazi. Wa mwisho anaishi kwa posho ya mradi, na mradi ukiisha kabla ya tasnifu, posho nayo inaisha. Wawili hao wanaweza kukaa meza moja katika maabara moja na kupima udongo kwa mashine ileile.

Uhusiano wa Ås na Morogoro ulitokana na hitaji la kweli. Hadi miaka ya 1960 kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka shahada ya kilimo alikwenda Makerere. Mwaka 1969 kilianzishwa Kitivo cha Kilimo huko Morogoro chini ya chuo cha Dar es Salaam, na tarehe 1 Julai 1984 kitivo hicho kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine aliyekuwa amefariki mwezi Aprili mwaka huohuo. Kitivo kilianza na upungufu wa walimu. Norway ilisaidia hasa upande wa misitu tangu miaka ya 1970: wahadhiri wao walikuja kushika masomo, na vijana wetu wakaenda kusoma ili warudi kuyapokea masomo hayo. Huo ulikuwa mpango wenye mwisho unaoonekana. Mgeni anafundisha leo ili kesho asihitajike. Kwa maoni yetu hiki ndicho kipimo cha kwanza cha nafasi yoyote ya kufundisha: je, imepangwa ijimalize yenyewe, au imepangwa iendelee milele?

Upande wa utafiti kuna mfano ambao wananchi wa Mgeta wanaujua kuliko sisi. Katika miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway waliletwa Morogoro na kufikishwa kwa wakulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru. Swali la utafiti hapa halikuwa "mbuzi wa Norway hutoa maziwa kiasi gani?" Jibu la hilo lilikuwa linajulikana Norway. Swali lilikuwa: mnyama huyu wa nchi ya baridi ataishije katika nchi yenye joto, kupe na minyoo, mikononi mwa mkulima mwenye shamba dogo la mteremko? Milima ya Uluguru ina ubaridi, kwa hiyo ilifaa kuliko bonde la Morogoro. Lakini likaja swali la pili. Kundi dogo lililotoka mbali lina madume machache, na madume yakiwa machache mbuzi huanza kuzaana ndugu kwa ndugu, na uzao hudhoofika. Basi suala la nani ana beberu, na beberu huyo anazungushwaje kati ya kaya na kaya, likawa suala la sayansi na la ushirika kwa pamoja. (Msomaji atuelewe: hapa tunamsema beberu halisi, yule mwenye ndevu na pembe.)

Swali la namna hiyo haliwezi kuulizwa na mtu aliyeko Ås peke yake. Maabara ya Ås inaweza kupima mafuta yaliyomo katika maziwa na kuchora nasaba ya wanyama. Lakini kwamba mama wa Mgeta anakata majani mbali na nyumbani, au kwamba hana soko la maziwa ya mbuzi, linajulikana Mgeta. Msomi mgeni anayetoka kwetu ana thamani huko nje kwa sababu hiyo. Hakwenda mikono mitupu. Amebeba swali, na swali zuri katika sayansi ni nusu ya kazi.

Mambo huharibika swali linapokuwa limekwisha andikwa kabla yeye hajafika. Fedha za utafiti hutolewa kwa tangazo, tangazo lina mada zake, na mada hupangwa kufuata siasa ya nchi inayotoa fedha. Mwaka huu ni mabadiliko ya tabianchi, mwaka ule ni mnyororo wa thamani. Mada hizo si mbaya. Lakini idara inayoishi kwa matangazo ya wengine huanza kujifunza lugha ya matangazo, na mkulima mwenye tatizo lisilotajwa ndani yake hubaki nalo. Huu ndio utegemezi wa fikra, nao ni mgumu kuuona kuliko utegemezi wa fedha, kwa sababu anayetegemea hujiona yuko huru.

Utegemezi wa fedha nao haufichiki. Norway ilianzisha mwaka 1994 mpango wa nafasi maalumu kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea, uliofuata makubaliano kati ya vyuo. Mpango huo ulikuwa na utaratibu wa busara: sehemu ya fedha ilikuwa ruzuku na sehemu ilikuwa mkopo, na mkopo ulifutwa mwanafunzi aliporudi kuishi nchini kwake. Aliyebaki Ulaya alidaiwa. Hivyo nchi iliyotoa fedha ilijitahidi isiwe mnyang'anyi wa wataalamu wa wengine. Hata hivyo mwaka 2015 serikali ya Norway iliamua kuufuta mpango huo, ikaweka mwingine wa ushirikiano wa vyuo wenye sura tofauti. Na mwaka 2023 vyuo vya umma vya Norway, ambavyo kwa muda mrefu havikuwa vikitoza ada, vilianza kuwatoza wanafunzi wapya kutoka nje ya Ulaya. Hatusemi hivyo kwa lawama. Bunge la Norway linawajibika kwa wapiga kura wa Norway, na ndivyo inavyopasa. Tunachosema ni kwamba idara ya kwetu iliyopanga kusomesha wahadhiri wake wote kwa njia ile ilijikuta imepangiwa upya na bunge ambalo haikulichagua.

Sasa tufike kwenye matunda. Hapa makada wengi hupita haraka, wakidhani ni mambo ya wanasheria. Hadi mwisho wa mwaka 2002 sheria ya Norway ilimwachia mwalimu wa chuo kikuu umiliki wa uvumbuzi wake. Tangu mwaka 2003 mwajiri amepewa haki ya kuuchukua. Kwa hiyo msomi wetu akitia sahihi mkataba wa ajira huko, anaingia chini ya utaratibu huo, awe amejua au hakujua. Akienda kama mgeni asiyeajiriwa, mambo hutegemea yaliyoandikwa katika makubaliano ya vyuo viwili. Na kama hayakuandikwa, mwenye maabara ana nguvu kuliko mwenye begi. Sampuli za mbegu, udongo na damu ya mifugo nazo zina sheria yake. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka nchi inayochukua rasilimali za kijenetiki ipate kwanza ridhaa ya nchi yenye rasilimali hizo, na faida igawanywe kwa makubaliano. Chupa ndogo katika mfuko wa mwanafunzi inaweza kuwa mali ya taifa.

Na inawezekana kabisa kuhifadhi mali ya mtu bila kuimiliki. Norway yenyewe inatuonyesha. Ghala la mbegu la Svalbard, lililofunguliwa Februari 2008 ndani ya mlima wenye barafu, hupokea masanduku ya mbegu kutoka benki za mbegu za dunia nzima, na kila sanduku hubaki mali ya aliyelileta. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua. Mwaka 2015, vita vya Syria vilipokuwa vimeiondoa benki ya mbegu iliyokuwa karibu na Aleppo mikononi mwa watafiti wake, taasisi yenye mbegu hizo ilikwenda kuchukua nakala zake, ikapewa. Kama utaratibu huo unawezekana kwa mbegu, hatuoni sababu usiwezekane kwa takwimu za shambani.

Tusisahau darasa lililoachwa. Mhadhiri anapoondoka kwa miezi 8, wanafunzi wake wa mwaka wa pili hawaondoki naye. Somo hugawanywa kwa wenzake waliokwisha kulemewa, au huahirishwa. Mkataba mzuri huweka fungu la kumlipa anayeshika nafasi hiyo, au humleta mhadhiri wa chuo cha nje kwa kubadilishana; mkataba mbaya hauligusi jambo hilo, na gharama hulipwa na mwanafunzi ambaye jina lake halimo katika karatasi yoyote.

Mlango huu pia hufunguka kutoka upande wetu. Panya wakubwa waliofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, kazi iliyotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Wabelgiji na iliyohamia Morogoro mwaka 2000, wamefanya kazi katika mashamba ya Msumbiji na Kambodia. Hapo wanaokuja kujifunza ni wageni, na wanaojua ni vijana wa Morogoro wanaomjua kila panya kwa jina. Mgeni wa namna hiyo naye apewe mkataba wenye masharti yaleyale: amekuja na swali gani, atamfundisha nani wakati yuko hapa, takwimu zitabaki wapi akiondoka, na jina la fundi aliyemfundisha panya litaandikwa mahali gani katika makala.