Nani Anabaki na Kisu cha Upasuaji?

Lemera iko milimani, juu ya bonde la Ruzizi, kusini mwa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mama aliyeshindwa kujifungua alifikishwa pale kwa kipoyi, mabegani mwa wanaume wa kijiji chake. Wapo waliofika roho imeshatoka. Wapo waliofika hai, mtoto amefia tumboni na mkojo unawatiririka wasiweze kuuzuia. Denis Mukwege, kijana wa Bukavu aliyehitimu udaktari Bujumbura mwaka 1983, alikuwa amepanga kutibu watoto. Aliyoyaona Lemera yalimgeuza nia. Akaenda Ufaransa, Chuo Kikuu cha Angers, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Mwaka 1989 akarudi Lemera ileile.

Akarudi. Mzazi yeyote wa Bukavu aliyewahi kumsindikiza mtoto kwenda kusoma Ulaya anajua uzito wa neno hilo. Tukizungumzia ushirikiano wa kimataifa katika kufundisha madaktari, huwa tunahesabu mikataba iliyotiwa saini, semina na magari yenye nembo mlangoni. Mimi naomba tuhesabu jambo moja: mgeni akisharudi kwao, nani hapa anaweza kuifanya kazi ile bila yeye?

Kongo iliwahi kulijibu swali hilo kwa uchungu. Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji kiliunda FOMULAC, taasisi yake ya tiba nchini Kongo, na hospitali ya Katana, kaskazini mwa Bukavu, ni tunda lake. Kwa miaka mingi daktari alikuwa Mbelgiji. Mkongo, hata awe hodari vipi, aliishia kuitwa msaidizi wa daktari. Chuo cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, lakini tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, hakikuwa kimetoa daktari Mkongo hata mmoja. Vurugu zilipozuka siku chache baadaye, Wabelgiji wengi walipanda ndege. Majengo yalibaki, na vitanda na wagonjwa pia. Shirika la Afya Duniani lilihangaika kuleta madaktari kutoka nchi nyingine, na likawapeleka makumi ya wale wasaidizi Ufaransa wakamalizie masomo ya udaktari. Zaidi ya miaka thelathini ya ushirikiano, na nchi ilianza kutafuta madaktari wake siku ambayo wageni walikwisha kuondoka.

Hospitali ya Panzi ilizaliwa kwa njia tofauti. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, na wahudumu pamoja nao. Mukwege alinusurika. Mwaka 1999, kwa msaada wa Wapentekoste wa Sweden na chini ya kanisa la CEPAC, alifungua Hospitali ya Panzi katika mtaa wa Panzi, kusini mwa mji wa Bukavu. Ilikusudiwa akina mama wajifungue salama. Mgonjwa wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kuharibiwa mwili.

Hapa inafaa tuelewe fundi wa Panzi alikabili nini. Fistula, ambayo wengine huiita nasuri, kwa kawaida hutokana na uchungu uliokwama. Kichwa cha mtoto hubana nyama laini za mama kwa saa nyingi, damu haipiti, nyama hufa, na tundu hutokea kati ya kibofu na uke, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Mpasuaji huziba tundu hilo, kisha mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo hadi kidonda kishike. Kazi hii ni ngumu, lakini njia zake zinajulikana. Panzi walianza kupokea matundu yasiyotokana na uzazi. Yalikuwa ya risasi, ya vyuma, ya ukatili uliokusudia kuharibu mahali hapo hasa. Aliyofundishwa Mukwege huko Angers yalimfikisha hapo, yakamwacha. Hakuna profesa wa Ulaya aliyekuwa ameona majeraha ya namna hiyo kwa wingi huo.

Ndiyo maana ushirikiano uliofuata haukuwa wa mwalimu na mwanafunzi tu. Profesa Guy-Bernard Cadière wa hospitali ya Saint-Pierre mjini Brussels, bingwa wa upasuaji wa kamera, alianza kuja Panzi na timu yake mwanzoni mwa miaka ya 2010. Upasuaji huo hupita kwenye vitundu vidogo vya tumbo: kimoja cha kamera, vingine vya vyombo. Kidonda ni kidogo, mgonjwa huinuka mapema. Lakini unadai umeme usiokatika, gesi, vyombo vilivyosafishwa barabara na mtu anayejua kuitengeneza kamera inapozima. Wakazi wa Bukavu tunaujua umeme wetu. Mashine isiyo na fundi ni kabati la kuwekea vumbi, na hospitali nyingi za Afrika zina makabati ya namna hiyo. Timu ya Brussels ilifanya la maana kwa kusimama meza moja na wapasuaji wa Panzi, mgonjwa akiwa mmoja na mikono ikipokezana.

Mwaka 2011 FIGO, shirikisho la dunia la madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake, lilitoa mwongozo wa kuwafundisha wapasuaji wa fistula. Mwongozo huo unampima mtu kwa ngazi, kwa yale ambayo mikono yake inaweza kufanya, kuanzia matundu mepesi hadi yale magumu kabisa. Nadhani ndicho kipimo cha haki kuliko vyote, kwa sababu mgonjwa aliye mezani hawezi kutibiwa na cheti kilichotundikwa ukutani.

Mwaka 2015 Mukwege alitetea tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels. Ilihusu fistula zinazotokana na majeraha mashariki mwa Kongo: chanzo chake, namna ya kuzipanga kwa aina, na tiba yake. Kupanga kwa aina kunaweza kuonekana jambo dogo, lakini bila hilo daktari wa nchi moja hawezi kumweleza mwenzake wa nchi nyingine anachokiona. Kwa hiyo mpangilio huo, mara hii, uliandikwa kutokana na miili ya wanawake wa Kivu, na aliyeuandika ni mwana wa Bukavu.

Tangu hapo mto umekuwa ukitiririka pande zote mbili. Panzi humtibu mwanamke mwili na nafsi, humtafutia haki mahakamani, na humsaidia kusimama tena kimaisha, yote chini ya paa moja. Mfumo huo umepelekwa Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Chuo Kikuu cha Liège nchini Ubelgiji kina kigoda cha uprofesa chenye jina la Mukwege, kinachochunguza ukatili wa kingono. Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018, aliyoipokea Oslo pamoja na Nadia Murad, iliufanya ulimwengu ulijue jina hilo. Mimi hunigusa zaidi nikifikiri kwamba muuguzi wa Bangui anafuata utaratibu uliotungwa Panzi.

Hata hivyo, tazama kijana anayehitimu leo katika kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika, ambacho Panzi ni hospitali yake ya kufundishia, au katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu. Akivuka daraja la Ruzizi, anaingia Rwanda kwa miguu. Shahada yake haivuki kwa wepesi huo. Kongo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inazungumzia kutambuana shahada, na mabaraza ya madaktari ya nchi za jumuiya yamezoea kukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja. Lakini wenzetu wengi walisoma kwa Kiingereza, sisi kwa Kifaransa. Vitivo vyetu vimezoea kujilinganisha na Louvain na Brussels kuliko Kampala na Dar es Salaam. Ni ajabu ya kusikitisha kwamba mpasuaji wa Bukavu aweza kusikilizwa Liège kabla hajatambuliwa Mwanza.

Februari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Bukavu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umeshatekwa, na benki zilifunga milango. Profesa wa Ulaya asingeweza kutua. Lakini uchungu wa uzazi hausubiri uwanja ufunguliwe, na mjini walikuwapo watu waliosimama meza ile miaka yote, wanaojua tundu linazibwaje.

Wakaguzi wa Afrika Mashariki watakapokuja kukipima chuo cha Bukavu, watataka kwanza kuona idadi ya vitabu maktabani na ukubwa wa kumbi. Wavione. Kisha wavae kofia na barakoa, waingie chumba cha upasuaji cha Panzi, wasimame nyuma ya daktari kijana aliyesomea hapahapa, wamtazame akishona.