Sikukuu ya jirani: ipi ni ibada, upi ni ujirani?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, kila zinapokaribia Krismasi na Pasaka, na kila unapoandama mwezi wa Idd, hurejea katika darsa zetu maswali yale yale. Je, Muislamu ale chakula alicholetewa na jirani yake Mkristo siku ya sikukuu? Je, amtakie heri? Je, nyama ya Idd ipelekwe nyumba ya asiyekuwa Muislamu? Wako wanaojibu kwamba yote hayo ni haramu, na wako wanaojibu kwamba yote ni sawa kwa kuwa sote ni watu wa Mungu mmoja. Majibu haya mawili yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini yamekosea mahali pamoja: yote yamechanganya ibada na ujirani. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kuyatenganisha mambo hayo mawili, na desturi waliyotuachia ina fiqhi ndani yake kuliko tunavyodhani.

HALI ILIVYO USAMBARA

Tuchukue mfano wa Kwamkoro, katika mashamba ya chai ya Usambara Mashariki, jirani na Amani, wilayani Muheza. Chai imekusanya pale watu wa aina nyingi: wenyeji wa milima, Wabondei wa chini ya milima, na wafanyakazi waliotoka mikoa ya mbali. Wanaochuma chai bega kwa bega siku za kazi ndio hao hao ambao Ijumaa baadhi yao huelekea msikitini, na Jumapili wengine huelekea kanisani.

Mchanganyiko huu haukuanza na chai. Uislamu ulipanda milima hii kutoka pwani pamoja na misafara ya biashara. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamekwisha kufika Magila, chini ya milima, katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Walutheri wa Bethel wakaanza kituo chao Mlalo, na kabla ya karne hiyo kumalizika Wakatoliki nao walikuwa Gare. Matokeo yake ni kwamba katika ukoo mmoja wa Kisambaa utawakuta Athumani na Yohana, wajukuu wa babu mmoja, wakilima mashamba yanayopakana na kuzika wafu wao pamoja.

Hata historia ya milima hii imetufikia kwa mikono ya watu wa dini mbili. Kitabu mashuhuri cha Habari za Wakilindi kiliandikwa na Muislamu, Abdallah bin Hemedi, na kikapigwa chapa na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Na hadi leo Muislamu wa Muheza akiugua hupelekwa Hospitali Teule, ambayo asili yake ni ya Kanisa la Anglikana, wala haulizwi dini mlangoni. Anayesema kwamba Muislamu wa huku na ajitenge na jirani yake kabisa, basi anasema jambo ambalo halikuwahi kuwako.

Zaidi ya hayo, kalenda yenyewe hutukutanisha. Mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11, hivyo sikukuu zetu huzunguka majira yote. Mwaka 1998 na 1999 Krismasi ilikuja tukiwa katika saumu. Mwaka 2015 Maulidi ya Mtume (SAW) yaliangukia tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi. Na kuanzia 2022 hadi 2024, miaka mitatu mfululizo, Pasaka iliingia ndani ya Ramadhani. Jirani anapoleta sahani mchana nawe umefunga, lazima ujue la kumjibu.

IBADA HAINA USHIRIKA

Jambo la kwanza halina mjadala. Ibada ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, kwa namna aliyoifundisha Mtume wake. Suratul Kafirun yote imeshuka kwa maana hiyo, ikimalizia kwa kumwachia kila mmoja dini yake. Anas bin Malik (RA) amesimulia, katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Nasai, kwamba Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza tangu zama za ujahili, akawajulisha kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku mbili bora kuliko hizo, nazo ni Idd mbili tuzijuazo.

Kwa hiyo Muislamu hashiriki katika misa, hapokei komunyo, wala haimbi nyimbo zinazomtaja Nabii Isa (AS) kuwa ni mwana wa Mungu. Sisi tunaamini kuzaliwa kwake bila baba, na Suratu Maryam imeieleza habari hiyo kwa heshima kubwa. Lakini tunaamini kwamba yeye ni mja na Mtume. Pasaka ni nzito zaidi, kwa kuwa imejengwa juu ya kusulubiwa, jambo ambalo aya ya 157 ya Suratun Nisaa inalikanusha waziwazi.

Hata hivyo, kuibainisha itikadi hakuvunji ujirani. Waislamu wa mwanzo walipohamia Habasha, hapa Afrika Mashariki, mfalme Mkristo Najashi aliwauliza wanamsemaje Isa. Jaafar bin Abi Talib (RA) hakuficha neno. Alieleza wanayoyaamini, naye mfalme akawaacha wakae kwa amani. Muislamu hahitaji kuifunika imani yake ili apendwe na jirani.

UJIRANI UNA HAKI ZAKE

Jambo la pili nalo liko wazi. Aya ya 8 ya Suratul Mumtahina imebainisha kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale ambao hawakutupiga vita kwa ajili ya dini wala hawakututoa majumbani mwetu. Asmaa bint Abi Bakr (RA) alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume (SAW) kama amuunge, naye akamwamuru amuunge mama yake. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Abu Dawud na Tirmidhi nao wamepokea kwamba nyumbani kwa Abdullah bin Amr (RA) alichinjwa kondoo, naye akawa anawauliza watu wa nyumba yake tena na tena kama wamemgawia jirani yao Myahudi, kwa sababu alimsikia Mtume (SAW) akieleza jinsi Jibril alivyomhimiza juu ya jirani hata akadhani atamrithisha.

Sasa, zawadi inayokuja siku ya sikukuu yenyewe ina hukumu gani? Hapa wengi watashangaa. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, ndiye anayetajwa mno na vijana wanaokataa kila kitu, kwa sababu ya kitabu chake kikubwa cha kukataza kujifananisha na wasiokuwa Waislamu katika sikukuu zao. Lakini humo humo amenukuu kwamba Sayyidna Ali (RA) aliletewa zawadi siku ya Nairuzi, sikukuu ya Waajemi, akaipokea. Na kwamba Bibi Aisha (RA) aliulizwa juu ya zawadi za sikukuu ya Majusi, akaagiza kwamba kilichochinjwa kwa ajili ya siku ile kisiliwe, lakini matunda yaliwe. Ibn Taymiyya akahitimisha kwamba sikukuu yenyewe haiizuii zawadi isipokelewe. Kinachoangaliwa ni kile kilichomo ndani ya sahani.

Ama kutoa maneno ya heri, wanavyuoni wametofautiana. Ibnul Qayyim alilikataza jambo hilo kwa ukali, akiona kuwa ni kuupongeza msingi wa itikadi. Katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, pamoja na Darul Iftaa ya Misri, wameruhusu, wakiona kwamba makusudio ni wema na wala si kuikiri itikadi, na kwamba aya ya 86 ya Suratun Nisaa inatuamuru kuijibu salamu kwa iliyo bora. Kwa rai yangu, anayenyamaza kwa kuchukua tahadhari asiitwe mwenye chuki, na anayemtakia jirani yake afya na heri ya nyumba yake asiitwe aliyeritadi. Achague tu maneno ya ujirani, asitamke yanayothibitisha asichokiamini.

DESTURI YA WAZEE NA FIQHI YAKE

Katika sehemu nyingi za Tanzania, milima ya Usambara ikiwemo, Mkristo akitaka kuwaalika jirani zake Waislamu katika sikukuu humwita Muislamu aje amchinjie mnyama. Chakula cha wageni hupikwa katika vyungu ambavyo havikuguswa na kitimoto, pombe huwekwa mbali, na wageni hufika ibada ikiwa imekwisha.

Wako wanaoiona desturi hii kuwa ni mazoea matupu. Sivyo. Aya ya 5 ya Suratul Maida imehalalisha chakula cha Ahlul Kitab, lakini madhehebu yetu ya Shafii yameweka sharti zito: Ahlul Kitab ambaye kichinjo chake ni halali ni yule ambaye wazee wake waliingia katika dini hiyo kabla haijabadilishwa na kufutwa. Watu wa milima hii walioupokea Ukristo katika karne ya 19 hawaingii katika sharti hilo. Ndiyo maana masheikh wetu wa zamani walikataa kichinjo, lakini hawakukataa mwaliko. Walitafuta njia: Muislamu achinje, kisha wote wale. Madhehebu mengine yana wepesi zaidi katika suala hili, lakini hekima ya njia ile haikanushiki, kwani iliilinda dini bila ya kumvunjia mtu heshima.

Tuliona gharama ya kuipoteza hekima hiyo mwezi Februari 2013, pale mgogoro wa nani achinje ulipozuka Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji mmoja akauawa. Kumwaga damu ya mtu asiye na hatia kwa ajili ya kichinjo ni kuivunja sheria ile ile inayodaiwa kulindwa. Kuchinjiana kulikuwa ni ihsani baina ya majirani, kwa kuombana na kukubaliana. Siku ilipogeuzwa kuwa haki ya kudaiwa kwa nguvu, iligeuka kuwa fitina.

NYAMA YA IDD KWA JIRANI

Upande wetu nako kuna la kujifunza. Imam Nawawi katika al-Majmu ameeleza tofauti ya wanavyuoni juu ya kumlisha asiyekuwa Muislamu nyama ya udhhiya: Hasan al-Basri na Abu Hanifa waliruhusu, Malik alichukia. Yeye mwenyewe akaona kwamba kwa mujibu wa madhehebu yetu yafaa katika udhhiya ya sunna, ama ya wajibu, kama ya nadhiri, haifai. Wanavyuoni wa baadaye, akiwemo Ramli, wakaufunga mlango huo. Anayetaka kutoka katika hitilafu hii ana njia nyepesi: anunue nyama nyingine buchani, aipikie pilau ya wageni, na udhhiya yake aigawe kwa Waislamu. Jirani atakuwa amekula Idd, na ibada itakuwa imesalimika.

Tujue pia kwamba wako Wakristo ambao makanisa yao yanawafundisha wasile nyama ya Idd, wakiihesabu kuwa ni sadaka ya dini nyingine. Akikataa kwa adabu, tusimlazimishe wala tusimcheke. Tunayemtaka aiheshimu tahadhari yetu, nasi tuiheshimu yake. Mpe tambi, matunda au soda, na umkaribishe barazani.

USIA KWA FAMILIA

Ndani ya nyumba ndimo suala hili linamouma zaidi. Wako vijana wanaorudi kutoka masomoni, na nyanya yao Mkristo, aliyewalea kwa mgongo wake, anawawekea chakula siku ya Krismasi. Nao wanakisukuma mbele ya watu. Kijana huyo anadhani ameinusuru dini, kumbe amekata udugu alioamriwa na Mtume (SAW) kuuunga. Kama ana shaka na nyama, na ale wali na mboga. Kama amefunga, na aseme kwa upole, “Bibi, niwekee nitafuturu nayo.” Kama meza ina pombe, hapo ana haki ya kuondoka, kwa kuwa hadithi aliyoipokea Tirmidhi imekataza kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi, hata hivyo aage vizuri, na kesho yake arudi kumwamkia bibi yake.

Kwa wazazi wenye watoto katika shule za makanisa: mtoto akipangiwa kuigiza au kuimba katika ibada ya Krismasi, mwendeeni mwalimu mapema, mzungumze naye kwa heshima. Msimwachie mtoto akatae peke yake mbele ya wenzake. Na mfundisheni nyumbani habari za Maryam na Isa (AS) kama zilivyo ndani ya Qur'ani, ili ajue anachokiamini kabla ya kuambiwa asichokiamini.

Ndugu zangu katika imani, desturi isiyojulikana sababu yake haidumu. Mmoja ataitupa akidhani ni uzushi, na mwingine atailegeza mpaka ajikute ndani ya ibada isiyo yake. Wafundisheni watoto sababu: kwa nini tunachinja wenyewe, kwa nini tunafika baada ya misa, na kwa nini hata hivyo tunafika. Mwenye kulijua hilo atampelekea jirani yake sahani siku ya Idd, na atapokea ya jirani siku ya Krismasi, na dini yake itabaki timamu.

Wabillahi tawfiiq.